Stakabadhi au hisa za nyumbani? Kisa cha kampuni moja yenye bei mbili

Kuhusu kisa hiki

Wahusika ni ndugu wawili, dada na mdogo wake wa kiume, wanaosimamia pamoja mfuko wa hisa walioachiwa na mzazi wao. Majina, nchi, miaka na shughuli halisi ya kampuni vimeondolewa. Bei zimebadilishwa pia, lakini uwiano kati yake umeachwa ulivyo, kwa hiyo hesabu zinajibu kama zilivyojibu kwao. Nilikabidhiwa karatasi zao zote baada ya mambo kutulia: majedwali, taarifa za dalali, na jumbe walizoandikiana. Waliniomba niupitie uamuzi wao hatua kwa hatua.

Nimekiandika kwa sababu walichokipitia kinawapata wawekezaji wengi wadogo. Hisa moja inapokuwa na bei mbili katika masoko mawili, akili yote hukimbilia pengo lile. Pengo linahesabika na linaonekana kwenye skrini. Swali la kampuni yenyewe, kama inastahili kumilikiwa na kwa kiasi gani, hubaki likisubiri zamu yake.

Usuli

Kampuni, tuiite K, hutengeneza vifaa vya viwandani. Hisa zake za kawaida zinauzwa katika soko la nchi yake. Hapa nitaliita soko la nyumbani. Ng'ambo zinauzwa stakabadhi za amana za hisa hizohizo: benki inashikilia hisa halisi nyumbani, kisha inatoa stakabadhi zinazouzwa kwa dola. Stakabadhi moja ya K inawakilisha hisa nne.

Mzazi wao alinunua stakabadhi miaka mingi nyuma na hakuwahi kuziuza. Zilipanda sana. Ndugu hawa walipozirithi, K peke yake ilikuwa asilimia 34 ya mfuko mzima.

Kuna kanuni moja inayobeba kisa chote. Mwenye stakabadhi za K anaweza kuzirudisha benki wakati wowote akapewa hisa zake za nyumbani. Kinyume chake hakiko huru: stakabadhi mpya zina ukomo uliowekwa, na kuupandisha kunahitaji idhini. Ni mlango unaofunguka upande mmoja. Stakabadhi zikishuka chini ya bei ya nyumbani, watu watazinunua, watazivunja na kuuza hisa, na pengo litafungika. Zikipanda juu ya bei ya nyumbani, hakuna anayeweza kutengeneza nyingine za kutosha ili kuishusha bei. Ziada hiyo ya bei inaweza kukaa miaka.

Hali hii si ngeni duniani. Stakabadhi za TSMC, kampuni ya Taiwan inayotengeneza chipu, zinazouzwa New York, kila moja ikiwa na hisa tano za Taiwan, zimewahi kukaa zaidi ya asilimia 20 juu ya bei ya Taipei mwaka 2024, na sababu kubwa ni mlango wa namna hiyohiyo. Kampuni za China zenye hisa bara na hisa Hong Kong ni mfano mwingine: kipimo cha Hang Seng kinacholinganisha aina hizo mbili kimekaa juu ya 100 tangu mwishoni mwa 2014, maana yake hisa za bara kwa wastani ni ghali zaidi, ingawa haki za mwenye hisa katika kampuni ni zilezile.

Mlolongo wa mambo

Mdogo ndiye aliyeanza. Aliona kwenye tovuti ya bei za bure kwamba stakabadhi ya K ni dola 91.50, na hisa ya nyumbani ni 412 za sarafu ya huko. Kwa kiwango cha 20 kwa dola, 412 ni dola 20.60. Akamwandikia dada yake usiku uleule: "Dada, kitu kilekile huku kinauzwa zaidi ya mara nne. Tuuze zote tukanunue kule."

Dada ni mhasibu. Jibu lake lilikuwa swali: "Mdogo wangu, stakabadhi moja ina hisa ngapi ndani yake?"

Hisa nne. Hivyo dola 20.60 mara nne ni dola 82.40, na "zaidi ya mara nne" ikawa asilimia 11. Makosa ya aina hii hutokea zaidi ya watu wanavyokubali. Kuna mengine ya karibu yake: London hunukuu bei za hisa nyingi kwa peni na Johannesburg kwa senti, kwa hiyo anayesoma 4,000 akidhani ni pauni au randi amekosea mara mia.

Dada hakuishia hapo. Aliangalia saa. Ile 412 ilikuwa bei ya kufungia ya soko la nyumbani, na soko hilo hufunga saa nyingi kabla ya lile la ng'ambo kufunguliwa. Baada ya kufunga, K ilitangaza mkataba mpya. Stakabadhi zilikuwa zimeisikia habari. Hisa za nyumbani zilikuwa zimelala. Asubuhi iliyofuata zilifungua kwa 424. Nne kati ya hizo ni dola 84.80, na pengo likashuka hadi asilimia 7.9.

Kisha akaangalia gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa. Asubuhi ileile hisa za nyumbani zilikuwa zimeanza kuuzwa bila gawio la nusu mwaka, yaani anayenunua leo halipati. Stakabadhi zilikuwa bado zina haki hiyo kwa siku moja zaidi. Gawio ni 8 kwa hisa, sawa na dola 1.60 kwa stakabadhi. Ukiitoa, stakabadhi ni dola 89.90, na pengo halisi ni asilimia 6.

Kutoka zaidi ya mara nne hadi asilimia 6, bila bei yoyote kubadilika kwa sababu yao. Hatua hizi tatu za dada ndizo kazi bora kabisa katika faili lote, na mpangilio wake unafaa kunakiliwa: kwanza kipimo, halafu saa, halafu gawio.

Mdogo alikuwa na hoja ya pili. Tovuti ileile ilionyesha kwamba uwiano wa bei kwa faida ya stakabadhi, yaani bei ikigawanywa kwa faida ya mwaka, ni 3.5, na akaandika kwamba "kampuni yenyewe inatolewa bure." Dada alichimba akakuta tovuti imegawanya bei ya dola kwa faida ya sarafu ya nyumbani, na ya hisa moja badala ya nne. Faida kwa hisa ilikuwa 26.50. Bei ya 424 ikigawanywa kwa 26.50 ni 16. Kwa mwenye stakabadhi ni karibu 17. Hisa ya kawaida, bei ya kawaida.

Mabishano ya asilimia 6

Wiki sita zilizofuata zilitumika hapa. Mdogo sasa alikuwa na pengo safi na alitaka wahamie nyumbani. Dada aliandika gharama zote.

Kuuza stakabadhi: kamisheni asilimia 0.4, na 0.3 nyingine inayoliwa na pengo kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji. Kubadilisha dola: 0.8. Kununua nyumbani: kamisheni 0.5 na pengo la bei 0.2. Kuhama tu ni asilimia 2.2.

Mwanzoni aliongeza gharama yote ya kuuza nyumbani na kurudisha fedha siku za usoni, asilimia 1.8, kwa kuwa soko la nyumbani lina kodi ya mauzo ya 0.3 na dola itabidi inunuliwe tena. Mdogo akamkatiza, na alikuwa sahihi: hata stakabadhi zingeuzwa siku moja, na mauzo hayo yana gharama ya 0.7. Kinachohesabiwa ni nyongeza tu, yaani 1.1. Jumla ya gharama ya kuhama ikawa asilimia 3.3.

Asilimia 6 toa 3.3 ni 2.7. Mdogo aliipigia mstari kwa wino mwekundu na kuandika pembeni "faida."

Hapo ndipo penye kosa la kifikra ambalo kisa hiki kinalifundisha vizuri kuliko kitabu. Ukihama kutoka stakabadhi kwenda hisa za nyumbani unapata asilimia 6 zaidi ya umiliki kwa fedha ileile. Ni kweli. Lakini ungebaki na stakabadhi na ziada ikabaki asilimia 6, siku ya kuuza ungelipwa hiyo asilimia 6. Hakuna ulichokipata kwa kuhama. Pengo huwa faida pale tu linapofungika ukiwa upande wa bei ndogo. Lisipofungika, umelipa 3.3 bure.

Kuna kitu kimoja kinachoingia ukisubiri, nacho ni gawio la hisa za ziada. K hulipa 16 kwa mwaka kwa hisa ya 424, karibu asilimia 3.8. Asilimia 6 ya hiyo ni takriban 0.23 kwa mwaka. Ada ya kuhifadhi hisa nyumbani ni 0.25 kwa mwaka. Zinafutana.

Kwa hiyo swali lote lilikuwa: ziada itafungika? Dada alitafuta bei za mwisho wa kila mwezi kwa miaka kumi na kuzipitisha kwenye hatua zake tatu. Ziada ilikuwa imetembea kati ya asilimia 3 na 15. Haikuwahi kugusa sifuri. Asilimia 6 iliyoonekana kubwa kwa macho ya mdogo ilikuwa upande wa chini wa historia yake yenyewe. Na hata ingerudi hadi 3, chini kabisa ilikowahi kufika, wangepata asilimia 2.9 kwa gharama ya 3.3.

Jedwali hilo lilikuwepo. Lilikuwa na tarehe. Lilitumwa kwa mdogo, naye alijibu: "Nimeona dada, lakini soko haliwezi kukosea daima."

Lililokuwa likisubiri

Katikati ya wiki hizo sita kuna ujumbe mmoja wa dada ambao haukujibiwa. Alikuwa amesoma hesabu za mwaka za K, na aliandika mambo matatu. Mauzo yamekua asilimia 9, lakini fedha ambazo kampuni inawadai wateja zimekua asilimia 31. Fedha taslimu iliyoingia kutokana na shughuli ni asilimia 60 tu ya faida iliyotangazwa. Na kwenye maelezo ya nyuma ya hesabu, mteja mmoja ni asilimia 38 ya mauzo.

Mtu anayeifahamu kazi ya kuchambua hisa anaposoma mambo hayo matatu pamoja husimama. Kila moja peke yake lina maelezo mepesi. Yakikaa pamoja, yanauliza kama kampuni inauza kwa kuongeza muda wa kulipa, na inamuuzia nani. Faida ya 26.50 iliyofanya bei ionekane ya kawaida huenda ilikuwa bado haijalipwa na mtu.

Dada alipendekeza K ishuke kutoka asilimia 34 ya mfuko hadi 15.

Maamuzi na sababu zake

Walikubaliana hivi: theluthi moja ya K ihamishiwe nyumbani "kwa majaribio." Hakuna kuuza kwa sasa. Pendekezo la kupunguza litajadiliwa hesabu za nusu mwaka zikitoka.

Sababu walizoandika ni za kibinadamu na ninaziheshimu. Dada hakutaka mdogo wake aone kila wazo lake linakataliwa. Mdogo aliona kuuza K ni kama kuuza kazi ya mzazi wao. Na wote wawili walikuwa wamechoka.

Kuhama kulichukua muda mrefu kuliko walivyodhani, kwa sababu kufungua akaunti ya nyumbani kulidai vyeti vya mirathi vilivyothibitishwa. Upande wa malipo haukuwasumbua: Marekani, zinakouzwa stakabadhi, hukamilisha mauzo kwa siku moja tangu Mei 28, 2024, soko la nyumbani kwa mbili, kwa hiyo dola ziliwahi. Anayehama kwa mwelekeo wa kinyume angepungukiwa na fedha kwa siku nzima.

Hesabu za nusu mwaka zilitoka wakati uhamisho ungali unaendelea. Deni la wateja lilikuwa limepanda tena. Mjadala uliahirishwa "mpaka tumalize hili kwanza."

Matokeo

Miezi minane baada ya ujumbe wa kwanza, mteja mkubwa wa K alisogeza mbele maagizo yake na kampuni ikapunguza matarajio ya faida. Hisa za nyumbani zilishuka kutoka 424 hadi 310, asilimia 27. Sarafu ilikuwa karibu palepale. Stakabadhi zilishuka hadi dola 68.20, asilimia 24, kwa sababu ziada ilipanuka kutoka 6 hadi 10. Theluthi iliyohamishwa ilishuka zaidi ya theluthi mbili zilizobaki.

Uchambuzi

Niligawanya hasara kwa vyanzo vyake, na naomba msomaji aziangalie tarakimu hizi kwa makini. Uzito wa K katika mfuko ulikuwa asilimia 34 na kushuka kwa wastani ni 25, hivyo mfuko ulipoteza karibu asilimia 8.5. Uchaguzi wa soko, yaani tofauti ya asilimia 3 kwenye theluthi ile pamoja na gharama ya kuhama, ulipunguza mfuko kwa takriban 0.6, na sehemu kubwa ya hiyo imo humohumo ndani ya 8.5. Kama K ingekuwa imeshushwa hadi 15 kama dada alivyopendekeza, kushuka kulekule kungekula chini ya asilimia 4 ya mfuko. Wiki sita zilikwenda kwenye jambo la 0.6. Jambo la zaidi ya 4 lilipata ujumbe mmoja.

Usafishaji wa bei ulifanya kazi. Bila hatua za dada wangeuza kila kitu kwa kufuata pengo ambalo halikuwepo. Kupima ziada kwa historia yake kulifanya kazi pia. Ni njia bora kuliko kuuliza kama asilimia 6 ni kubwa au ndogo hewani. Na mdogo, pamoja na yote, ndiye aliyesahihisha hesabu ya gharama. Watu wawili wanaokaguana ni mali.

Kilichoshindikana ni maafikiano. Walikuwa na maswali mawili: tumiliki K kiasi gani, na tumiliki kupitia soko lipi. Uamuzi wa theluthi haukujibu lolote. Uligawa tofauti ya maoni kati ya ndugu. Anayeamini pengo litafungika alipaswa kueleza nini kitalifunga: ukomo wa stakabadhi kupandishwa, kanuni kubadilika, wanunuzi wa ng'ambo kuondoka. Hakuna aliyeuliza, na jedwali la miaka kumi lilibaki bila kazi.

Tena tusiseme ni ugeni wao. Mwaka 1997 mfuko wa Long-Term Capital Management, uliokuwa na baadhi ya akili kali kabisa za fani hii, uliweka dola bilioni 2.3 kwenye pengo kati ya Royal Dutch na Shell, kampuni mbili zilizomiliki pamoja kundi moja la mafuta. Makubaliano ya 1907 yaligawa mapato ya kundi hilo 60 kwa 40, hivyo uwiano sahihi wa thamani ulijulikana na kila mtu. Waliingia ziada ya Royal Dutch ikiwa asilimia 8 hadi 10. Walipolazimika kutoka mwaka 1998 ilikuwa imefika karibu 22. Pengo lilikwisha kampuni mbili zilipounganishwa kuwa moja mwaka 2005, miaka saba baada ya wao kuondoka. Walikuwa na kila kitu isipokuwa muda na kitu cha kulifunga pengo.

Mwelekeo nao hauna uhakika. CATL, kampuni ya China inayotengeneza betri, ilipoorodheshwa Hong Kong Mei 2025, hisa zake za huko zilipanda juu ya zile za Shenzhen, kinyume na mazoea ya kampuni nyingine za aina hiyo. Anayenunua soko fulani kwa sababu "huku huwa rahisi daima" anategemea desturi, na desturi hiyo haijaandikwa kwenye cheti cha hisa.

Walipofikia

Ndugu hawa walikubaliana hatimaye kuishusha K hadi asilimia 15, baada ya kusoma upya hesabu na kuona kwamba hata kwa bei mpya deni la wateja halijapata maelezo. Safari hii waliamua kiasi kwanza, soko baadaye. Ziada ikiwa asilimia 10, kila stakabadhi iliyouzwa ililipa zaidi ya hisa nne za nyumbani, bila kodi ya mauzo na bila kununua dola. Ziliuzwa stakabadhi, na hisa za nyumbani ziliachwa zilipo.